Kinanda cha Ubao

Mkuu wa shule alinipa siku nne. Aliniita ofisini Jumatatu saa ya chai, akafunga mlango, akanieleza kwamba bodi ya shule inakaa Ijumaa na kabla haijakaa inataka ukurasa mmoja kutoka kwangu. Niuandike kitaalamu, alisema, niseme kama yule mwalimu wa kinanda wa kata ya Nsemulwa anafaa kuendelea kufundisha watoto wetu jioni au hafai. Pale shuleni mwenye stashahada ya muziki ni mimi peke yangu, na hata ukizunguka Mpanda yote sidhani kama utapata wengi. Nikamwambia sawa mkuu. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za darasa la tatu nikajiona mjinga, maana huyo wanayeniuliza habari zake ndiye aliyenifundisha do ni ipi.

Jina lake silitaji, na hapa mjini ni wachache wanaolijua. Wote wanamwita Mwalimu, hata walimu wenzangu wenye vyeti vya serikali, hata mapadre. Alizaliwa wapi hasa na mwaka gani, sijui. Ukimuuliza umri wake naye anakuuliza wiki hii umejifunza nota ngapi. Ninachokijua ni kile nilichokiona ndani ya nyumba yake tangu nilipokuwa darasa la nne, na ni kwa hicho nilitakiwa kumhukumu.

Sebuleni kwake kuna kinanda kidogo cha umeme, siku zote kimefunikwa kitenge. Mwanafunzi mpya hakigusi mwaka mzima. Anapewa ubao. Ni ubao wa mninga, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umechorwa funguo za kinanda moja moja, nyeupe zimeachwa rangi ya mti na nyeusi zimepakwa mkaa na vanishi juu. Unaulaza mezani, unabonyeza, na kwa kuwa mti haulii, sauti ya nota unaitoa wewe mwenyewe kwa kuimba. Kidole kikiwa kwenye mi na mdomo ukatoa fa, amekujua.

Mwalimu hachapi. Ningependa bodi walijue hilo, maana kuna waliosema anachapa. Yeye ukikosea anageuka, anavuta ungo wake na kuanza kuchambua mchele mpaka uipate ile nota. Haongei. Nimewahi kumwona mtoto akitafuta nota ya la karibu nusu saa, machozi yanamtiririka, na Mwalimu anatoa mawe kwenye mchele kana kwamba humo ndani hamna mtu. Mtoto alipoipata, Mwalimu aliweka ungo chini akasema haya, tuendelee. Afadhali angekuwa anachapa, ndivyo tulivyokuwa tukisema sisi.

Alikuwa na maneno yake. "Kinanda kitakuimbia hata ukiwa mjinga," alituambia, "ubao unakungoja uimbe wewe." Na jingine alilolisema kila mara tulipoharakisha: "Kidole kina mbio, sikio lina miguu mifupi. Lisubirini." Sisi wa miaka ile ambapo umeme wa Mpanda ulikuwa wa kuwindwa hatukupoteza hata kipindi kimoja. Giza likiingia aliwasha kibatari, kama hamna mafuta tuliimba bila kuuona ubao. Wenzangu wa chuoni baadaye walikuja kunishangaa jinsi ninavyosikia. Ukidondosha kijiko nakwambia ni nota gani, na huo si uchawi, ni yeye.

Sikio lake mwenyewe sijapata kuona mfano wake. Anaweza kuwa jikoni uani anakaanga samaki aina ya migebuka, mafuta yanapiga kelele, na ukiteleza nusu nota utasikia kutoka huko nyuma, "Hapana." Mara moja kwaya ya parokia ilikuwa inajiandaa kwa Pasaka, yeye amekaa benchi la mwisho na rozari yake, akanyanyuka, akatembea mpaka kwa mwanaume mmoja wa besi mstari wa tatu, akamgusa begani, akarudi kukaa. Yule bwana alifunga mdomo mpaka wimbo ukaisha. Tulipomuuliza alikuwa na shida gani, Mwalimu alisema mtu yule anaimba vizuri ila anaimba wimbo wa jana.

Msinielewe kwamba nampamba. Ni mama mgumu. Kuchelewa dakika tano kwake ni dhambi, wakati misani yeye mwenyewe anaingia masomo ya Biblia yameshaanza kusomwa. Alitukataza nyimbo za redioni, eti zinaharibu sikio, na siku moja nilimkuta anafua huku anaimba Bongo Flava ya wiki ile, mstari kwa mstari, pamoja na yale maneno ambayo mama mtu mzima hafai kuyajua. Aliponiona hakuona haya. Alisema adui lazima umjue. Wasichana waliolia kwake hakuwabembeleza hata kidogo, lakini kuku wake mmoja alipokufa kwa kideri alifunga masomo siku mbili.

Na kosa kubwa kuliko yote, hajawahi kusema "sijui." Ukimuuliza jambo asilolijua anakupa kazi nyingine. Nota za mistari mitano, zile za vitabu vya wazungu, hakuwahi kutufundisha. Alisema ni mapambo, solfa, yaani do re mi, inatosha. Nilimwamini mpaka nilipofika chuoni.

Kuhusu masomo yake alikuwa na jibu moja: "Mimi nimesoma Karema." Alilisema kwa namna ambayo mtu haulizi tena, na wote tulijijazia wenyewe, tukaona masista wa misheni, madaftari, kinanda kikubwa cha kanisa, na ziwa limetulia dirishani. Nilikuja kufika Karema nikiwa mtu mzima, nikamkuta mzee mmoja aliyewahi kutunza funguo za kanisa, nikamtajia jina la Mwalimu. Akacheka kwa upendo. "Huyo? Alikuwa anafagia. Anafagia polepole kuliko wote, hasa siku za mazoezi ya kinanda." Basi, huko ndiko kusoma kwenyewe. Hakudanganya sana ukifikiria vizuri, maana alisoma kweli, ila hakuna aliyemfundisha.

Ule ubao ndio unaotuletea balaa, kwa hiyo lazima niueleze ulivyopatikana. Alinisimulia mwenyewe nikiwa kidato cha pili, kwa majivuno kabisa. Alipokuwa msichana anafagia kule Karema, siku ambazo kanisa lilikuwa tupu aliweka mkono juu ya kinanda. Akagundua kwamba akitanua kiganja mpaka mwisho, gumba linakaa kwenye do na kidole cha mwisho kinafika kwenye do inayofuata. Akalikariri hilo kama mtu anavyokariri njia ya kwao. Miaka mingi baadaye, keshalima, keshazaa, kahamia Nsemulwa, fundi seremala akampa ubao. Akatanua kiganja juu yake, akatia alama ya gumba na alama ya kidole cha mwisho, akagawa katikati funguo zake. Nilimwona mtu mwenye akili nyingi. Wala yeye wala mimi hatukufikiri kwamba kiganja kile kimekua.

Kwa hiyo kila mtoto aliyepita kwake alijifunza kinanda kwenye funguo pana kuliko za kweli. Vidole vyetu vidogo vilijitanua kwa nguvu ili vifike, mwaka mzima, kila jioni. Tukihamia kwenye kinanda cha umeme tulikosea mno, lakini hicho nacho kilikuwa cha aina ile ya watoto, funguo zake nyembamba kupita kawaida. Mwalimu akasema hicho cha dukani kimebanwa, cha kanisani kina nafasi. Ilionekana hoja. Yeye mwenyewe akikipiga hicho cha kanisani hakukosea hata siku moja, maana vidole vyake vinafuata sikio wala havihitaji vipimo.

Chuoni, wiki ya kwanza, mkufunzi alinisikiliza macho kafumba, akafurahi. Kisha akafumbua, akauona mkono wangu. Aliniinua kifundo cha mkono kwa vidole viwili akawaonyesha wenzangu jinsi nilivyojitanua, akaniuliza kama kunauma. Kulikuwa kunauma tangu darasa la sita, nilidhani ndivyo kinanda kilivyo. Akaniuliza nani alikufundisha. Darasa zima linaniangalia, watoto wa Dar na Arusha waliosoma kwa walimu wenye vyeti ukutani. Nikasema, "Nilijifunza mwenyewe."

Ni sentensi moja tu, na bado inanichoma kuliko mkono.

Miaka miwili nilifundishwa upya kushika kinanda kama mtoto. Likizo ya mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani, nikaenda kwa Mwalimu kumsalimia na mkate wa mjini. Alipotoka kwenda bombani nikatoa kwenye pochi futi ya fundi cherehani, niliyokuwa nimeibeba makusudi, nikaupima ubao. Kila ufunguo ulizidi ule wa kinanda cha chuoni kwa unene wa punje ya mahindi. Ni kidogo, lakini ni mara nane katika kila kiganja, na ni kiganja cha mtoto. Nikakunja futi. Aliporudi na ndoo nilimpokea, tukanywa chai, nikamsimulia habari za bahari ya huko chuoni.

Nilijipa sababu zangu. Mkubwa haambiwi amekosea, hasa na mtu aliyemlea. Nani mimi, kalamu zenyewe za chuo alininunulia yeye. Halafu nikaajiriwa, nikaolewa, nikapata watoto, na kila Krismasi nimekuwa nikipita kwake kwa chai. Kila Krismasi ubao uko mezani. Nimeuona kwa miaka kumi na tisa.

Sasa huyu binti aliyeumia, ambaye bodi inakaa kwa ajili yake. Baba yake ana duka la vitambaa kata ya Kashaulili, Mwislamu mtaratibu, ambaye jamaa zake walimnong'ona sana kwa kumpeleka mtoto wa kike kwenye kinanda, tena kwa mama wa Kikatoliki. Hakuwasikiliza. Alisema mwanangu anapenda, na elimu haina dini. Shule yetu ndiyo iliyompa anwani ya Mwalimu, kwa mapendekezo yangu mimi. Binti yuko darasa la saba, ana miaka kumi na mitatu, ana bidii ya kupitiliza. Mwalimu alimwambia saa moja kila siku, yeye akafanya tatu, kwenye ubao aliochongewa nyumbani kwa kipimo kilekile. Mwezi uliopita kifundo chake cha mkono wa kulia kilivimba akashindwa kushika kalamu. Hospitali walimfunga bandeji wakasema mishipa imechoka vibaya, asiandike wala asipige kinanda mpaka wamwambie. Na mtihani wa taifa uko mlangoni.

Baba yake alikuja shuleni Jumanne. Nilitegemea makelele, hakupiga. Alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu na kofia yake mkononi, akaniambia mimi, si mkuu. Alisema mtu akiuza dawa hapa Kashaulili bila cheti anafungiwa duka siku hiyohiyo. Akauliza kama mkono wa mwanawe ni kitu kidogo kuliko panadol. Nikamwambia pole mzee. Akaitikia, akasema anangoja barua yangu kama wengine wanavyoingoja.

Ofisini siku zile hapakukalika. Wa hesabu alisema wote wanaofundisha majumbani wapigwe marufuku mpaka waonyeshe vyeti, muziki, tuisheni, kila kitu. Wa Kiswahili akasema babu yake alifundisha ngoma nusu ya mkoa huu na hakujua hata kusaini. Wakanigeukia. Niliwaambia cheti hakina masikio, halafu papo hapo nikaona naongea upuuzi, kwa sababu mimi najua cheti kilinipa nini: kilinipa mtu aliyeuinua mkono wangu akaniuliza kama unauma. Mwalimu katika miaka yote ile hakuwahi kuniuliza. Alisikiliza sauti tu. Mkono hakuuangalia.

Basi nikaandika. Usiku wa Jumatano nilichana karatasi tatu, ya nne nikaiacha. Nilisema ana uwezo wa kusikia na kufundisha kusikia ambao sijaukuta hata chuoni. Nilisema hana mafunzo rasmi. Nilisema chombo anachofundishia nimekipima, ni kipana kuliko kinanda halisi, na kwa maoni yangu ya kitaalamu ndicho kilichomuumiza mtoto. Nilipendekeza asifundishe wanaoanza mpaka apate mafunzo yanayotambulika. Niliisoma, nikaiona ni ya haki. Nilijisikia hata mwepesi.

Alhamisi alasiri nikaenda Nsemulwa. Sikutaka ayasikie sokoni. Nilimkuta sebuleni peke yake, mlango wazi, hamna mtoto hata mmoja, wazazi walishawazuia. Alikuwa anabangua karanga. Nikasema shikamoo Mwalimu, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti kwa kidevu. Nikamwambia nimekuja na barua ya bodi na nataka aisikie kwangu kwanza. Akasema soma.

Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye sikio lake hakutikisika. Nilipofika kwenye mafunzo rasmi alitupa maganda kwenye ndoo. Nilipofika kwenye ubao aliacha kubangua. Nikamaliza. Kule nje mtu alipita na pikipiki. Kisha alinyoosha mkono wake, akautanua juu ya ubao, gumba kwenye alama yake na kidole cha mwisho kwenye alama yake. Akauangalia muda mrefu. Niliona ameelewa, mara moja, jambo lililonichukua mimi chuo kizima kulielewa.

"Kumbe ni mkono wangu," alisema.

Nikamwambia pole Mwalimu. Aliniomba nirudie ule mstari wa kupima. Nikarudia: chombo anachofundishia nimekipima.

"Ulipima lini?"

Nikaanza kusema kwamba vipimo vya kitaalamu huwa... akanikata. Alisema tangu mtoto aumie sijakanyaga kwake, kwa hiyo nilipima lini.

Sikuweza kumdanganya. Mtu anayesikia nusu nota kutoka jikoni utamdanganya vipi? Nikamwambia likizo ya mwaka wa kwanza wa chuo. Alipokwenda bombani.

Alikaa akinitazama. Hakuvuta ungo, hakugeuka, na ningelipa chochote ageuke.

"Na huyu binti alizaliwa mwaka gani?"

"Alikuwa hajazaliwa, Mwalimu."

Nilianza kulia, mimi mama wa watoto watatu. Nikamwambia niliogopa kumvunjia heshima, yeye ndiye aliyenilea, ningeanzia wapi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema kwa sauti ileile ya siku zote kwamba ningemuudhi wiki moja. Wiki moja angeninunia, ya pili angemwita seremala. Akawahesabu kwa vidole watoto waliopita humo ndani tangu likizo ile, mmoja mmoja kwa majina, na wengine nilikuwa nimewaleta mimi. Hakuharakisha. Wa mwisho alikuwa binti wa Kashaulili.

"Mimi sikujua, na cheti sina," alisema. "Hilo umeandika, ni kweli, lipeleke. Wewe ulijua, na cheti unacho. Hilo hujaandika."

"Nikiandika hivyo watanifukuza kazi."

"Na mimi je, wananipandisha cheo?"

Nilipekua pochi nikitafuta kalamu, yeye akachomoa ya kwake kwenye daftari la kwaya akanipa. Ukurasa ulikuwa umejaa. Nikaandika chini kabisa, chini ya saini yangu na cheo changu, kwamba kasoro ya chombo hicho niliijua na sikumwambia mwalimu wala mzazi yeyote. Nikampa asome. Aliishika karatasi mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akasoma mstari ule mmoja tu, akanirudishia.

Akasema mstari haujaisha, niandike na mwaka niliojua.

Nikauandika.